Shule ya umma au ya kibinafsi? Yaliyofaa kujulikana kabla ya kalenda mpya kuanza Julai 26, 2021

Jumatatu, Julai 26, 2021, wanafunzi kote nchini walianza mwaka mpya wa masomo. Uliitwa mwaka wa 2021 ingawa nusu ya 2021 ilikuwa imeshapita, na ulikamilika Machi 2022. Kati ya mwaka uliotangulia wa masomo na huo kulikuwa na likizo ya siku tisa tu.

Katika siku hizo tisa, wazazi wengi wa Kaunti ya Kilifi walikuwa na uamuzi ambao miaka miwili kabla ya hapo hawakuufikiria. Je, mtoto arudi katika shule ya kibinafsi aliyosoma kabla ya korona, abaki katika shule ya umma alikohamia Januari, au ahamishwe sasa kwa sababu karo ya kibinafsi haipatikani tena? Maswali hayo yalifika kila siku katika ofisi za wadi, na mengi yaliulizwa mahali pasipo na jibu, kwa kuwa sehemu kubwa ya elimu ya msingi haiko mikononi mwa kaunti. Makala haya yanaeleza hali ilivyofika hapa, haki ya mzazi ni ipi, na ni mlango upi wa kubisha.

Mwaka uliopotea, kisha ukapatikana

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Za kutwa zilifungwa Machi 16, na za bweni zikapewa hadi Machi 18 kuwatuma wanafunzi nyumbani. Wazazi wengi walidhani ni wiki mbili, tatu. Walimu pia walidhani hivyo, na wanafunzi wengi wa bweni waliacha masanduku yao shuleni.

Mjadala mkubwa ulizuka Julai 7, 2020, Waziri wa Elimu Profesa George Magoha alipotangaza kuwa mwaka huo wa masomo utahesabiwa kama haukuwepo. Wanafunzi wote wangerudia darasa Januari 2021, na mitihani ya KCPE na KCSE haingefanyika. Hoja ya wizara ilikuwa ya usawa: haiwezekani kumpandisha darasa mtoto aliyesoma kwa kompyuta miezi minne na kumwacha nyuma aliyekuwa akichunga mbuzi miezi hiyo hiyo.

Takwimu ziliunga mkono hoja hiyo. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 17.9 pekee ya nyumba nchini zilikuwa na intaneti, na asilimia 8.8 zilikuwa na kompyuta au tabiti. Redio ndiyo iliyokuwa imeenea zaidi, kwa asilimia 56.9, na ndiyo sababu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilitegemea sana vipindi vya redio kupitia KBC. Hata hivyo, asilimia 56.9 ina maana kuwa zaidi ya nyumba nne katika kila kumi hazikuwa na redio yake. Na nyumba yenye redio moja na watoto wanne wa madarasa manne tofauti haina darasa hata moja kamili.

Shule za kibinafsi, hasa zile kubwa, ziliona jambo hilo kwa jicho tofauti. Nyingi zilikuwa zimeendelea kufundisha kwa mtandao na kutoza karo. Kwao, kuambiwa kwamba masomo hayo hayahesabiki kulikuwa sawa na kumwambia mzazi alilipia hewa. Wazazi nao walikuwa na lao. Jijini Nairobi, wazazi wa shule moja ya kimataifa walikwenda Mahakama Kuu wakipinga kulipa karo kamili kwa masomo ya mtandaoni. Mzazi mwingine alikwenda mahakamani kupinga shule kufungwa, na katika kesi hiyo mpango wa masomo ya kijamii, ambao ungewakusanya watoto katika makundi madogo vijijini chini ya walimu wa karibu, ukasimamishwa kwa muda. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ndio uliokuwa umewalenga watoto wasio na redio wala simu.

Mwishowe serikali ilibadili msimamo. Badala ya kuufuta mwaka, iliuendeleza ulipokomea. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, 2020, na madarasa mengine yote Januari 4, 2021. KCPE ikafanyika Machi 22 hadi 24, 2021, na KCSE ikaanza Machi 26. Wanafunzi wa gredi ya nne, waliotangulia kurudi, walimaliza mwaka wao Machi na walikaa nyumbani tangu hapo wakisubiri wenzao. Hao ndio walioingia gredi ya tano Julai 26, na mzazi hakupaswa kushangaa mtoto akiwa amesahau mengi.

Muhula wa kwanza ulianza Julai 26 hadi Oktoba 1, wa pili Oktoba 11 hadi Desemba 23, na wa tatu Januari 3 hadi Machi 4, 2022. Mihula ilikuwa mifupi na mapumziko yalikuwa machache kwa sababu wizara ilitaka kalenda irudi kuanza Januari, na hilo lilitarajiwa 2023. Kwa mzazi, maana yake ilikuwa kwamba karo iliyozoeleka kulipwa mara tatu kwa miezi kumi na miwili ilidaiwa mara tatu kwa miezi minane. Hapo ndipo wengi wangenaswa wasipopanga mapema.

Kwa nini shule za kibinafsi za hapa ziliumia zaidi

Kilifi iliguswa na korona kwa namna yake. Safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25, 2020 na hazikurejea hadi Agosti 1. Kuanzia Aprili 8 hadi mapema Juni, hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Kilifi na Kwale. Hoteli za Malindi na Watamu zilifunga milango. Mhudumu wa hoteli, mpishi, dereva wa tuktuk, muuza samaki aliyepeleka kamba jikoni, mwenye duka la vinyago, wote walikosa riziki katika wiki moja.

Watu hawa ndio waliokuwa wakilipa karo katika shule za kibinafsi za gharama ya chini zilizojaa Malindi, Mtwapa, Mariakani na pembezoni mwa mji wa Kilifi. Shule hizi si za matajiri. Nyingi zilianzishwa kwa sababu shule ya umma ilikuwa mbali au darasa lilikuwa na watoto wengi mno, na mzazi akaona afadhali atoe shilingi elfu chache kwa muhula mtoto wake apate mwalimu anayemjua kwa jina. Zinaendeshwa kwa karo ya muhula huo huo. Hazina akiba, na majengo mengi ni ya kukodi. Karo ilipokatika Machi 2020, mwalimu alikosa mshahara mwisho wa mwezi na mwenye jengo akaanza kudai. Huko Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, mwenye shule aligeuza madarasa kuwa banda la kuku, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Kwingine madarasa yalirudi kuwa vyumba vya kupangisha.

Hivyo Januari 2021 ilipofika, baadhi ya watoto walirudi wakakuta hakuna shule. Wengine walikuta shule ipo lakini mzazi hana karo. Wizara ya Elimu iliagiza shule za umma ziwapokee, na zikawapokea. Kilichofuata kinajulikana na kila mwalimu mkuu: madarasa yaliyokuwa yamejaa yakajaa zaidi, wakati huo huo yakitakiwa kuacha nafasi ya mita moja kati ya mtoto na mtoto. Serikali ya Kitaifa ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kununua madawati kutoka kwa mafundi wa jua kali, na kabla ya hapo, Mei 2020, ilikuwa imetangaza shilingi bilioni 6.5 za kuajiri walimu 10,000 pamoja na wanagenzi 1,000 wa teknolojia. Ilisaidia. Lakini dawati hata liwe jipya linahitaji chumba cha kuliweka.

Kuna waliosema wakati huo, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba serikali isingeziokoa shule hizi kwa kuwa ni biashara. Wengine wanasema mtoto anayesoma shule ya kibinafsi ni mtoto ambaye serikali haikumjengea darasa, kwa hivyo ilistahili kuisaidia shule yake. Hoja zote mbili zina uzito. Januari ilionyesha kitu kimoja tu ambacho si cha kubishaniwa: shule ya kibinafsi ikianguka, shule ya umma ya jirani ndiyo inayolipa gharama.

Mkurugenzi wa elimu wa kaunti si wa kaunti

Kichwa hiki si mzaha. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto. Shule za msingi, za upili, walimu wake, mitaala na mitihani ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Afisa anayeitwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ameajiriwa na Wizara ya Elimu iliyoko Nairobi. Walimu wa msingi na upili wameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Anayesimamia elimu upande wa kaunti ni waziri wa elimu wa kaunti, pamoja na maafisa wake wa chekechea na wa vyuo vya ufundi.

Kwa hivyo mzazi akikataliwa nafasi katika shule ya msingi, mlango wa kwanza ni mwalimu mkuu, wa pili ni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na wa tatu ni mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Kumpigia mwakilishi wadi simu usiku wa manane kunaweza kumfanya asikilizwe, lakini mwakilishi wadi hana mamlaka ya kuagiza mtoto aandikishwe. Akikataliwa nafasi ya chekechea ya umma, hapo kaunti ndiyo yenye jibu, na aanze kwa msimamizi wa wadi.

Basari nazo zinachanganya. Ufadhili wa masomo wa wadi unatoka kwa Serikali ya Kaunti na hupitia kamati za wadi katika wadi zote 35. Basari ya NG-CDF ni ya Serikali ya Kitaifa na hupitia ofisi ya eneobunge. Fomu ni tofauti na kamati ni tofauti. Aliyekosa kwa moja bado anaweza kuomba kwa nyingine.

Kumhamisha mtoto: sheria inasemaje

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimlazimishi mzazi kuchagua aina ya shule. Inamlazimisha tu kuhakikisha mtoto anasoma. Mengine yanayomhusu mzazi anayehamisha mtoto ni haya.

Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Michango mingine inaweza kutozwa tu ikiwa imeidhinishwa na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikiidhinishwa, mtoto hafai kufukuzwa kwa kutoilipa. Mzazi anayeambiwa alete pesa za dawati kabla ya mtoto kuingia darasani ana haki ya kuuliza barua ya idhini iko wapi. Aulize kwa heshima, mara nyingi inatosha.

Shule ya umma pia hairuhusiwi kumpa mtoto mtihani wa kumchuja asiingie. Mtihani unaokubalika ni wa kujua amefikia kiwango gani ili asaidiwe. Na sheria inasema mwanafunzi hatazuiwa kuendelea na darasa linalofuata. Suala hili lilizua malalamiko mengi kuanzia Januari 2021. Mtoto anatoka shule ya kibinafsi darasa la tano, shule ya umma inamwambia aanze tena la nne kwa sababu hakusoma mwaka mzima. Hakuna aliyesoma mwaka mzima. Mzazi mwenyewe anaweza kuona mtoto hayuko tayari na kuzungumza na mwalimu jinsi ya kumsaidia, lakini si jambo la kulazimishwa mlangoni.

Jambo lililokwamisha uhamisho mara nyingi mwaka 2021 lilikuwa mfumo wa NEMIS. Kila mwanafunzi alikuwa na nambari yake ndani ya mfumo huo, na nambari haikubadilika alipohama. Shule ya zamani ilimwachilia, na shule mpya ilimpokea. Pesa za serikali, shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 22,244 kwa wa upili, zilitumwa kulingana na majina yaliyokuwemo kwenye mfumo. Kama jina la mtoto bado lilikuwa shule ya zamani, alikaa darasani lakini shule haikupata senti yake. Mwalimu mkuu aliyesisitiza uhamisho ukamilike hakumsumbua mzazi bure.

Tatizo linakuja shule ya zamani ikiwa imefungwa na mwenyewe hapatikani, au ikiwa inakataa kumwachilia mtoto hadi deni la karo lilipwe. Katika hali zote mbili, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo inaweza kuingilia kati. Mzazi aende na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ripoti yoyote ya masomo aliyo nayo. Deni la karo ni jambo la mzazi na shule. Linaweza kuzungumzwa, hata kudaiwa mahakamani, lakini mtoto asiwekwe rehani.

Walikuwapo pia wazazi waliotaka kurudi shule ya kibinafsi baada ya kazi kuanza kupatikana. Ilikuwa haki yao. Busara ilikuwa kuuliza kwanza, kabla ya kulipa, kama shule imesajiliwa na wizara, ni walimu wangapi waliorudi, na karo ingetozwaje katika mihula hiyo mifupi. Shule iliyonusurika korona kwa kuwapunguza walimu nusu si shule ile ile mtoto aliyoiacha.

Kidato cha kwanza, Agosti 2

Waliofanya KCPE Machi 2021 waliripoti kidato cha kwanza kuanzia Agosti 2. Tangu 2018 sera ya serikali ilikuwa kwamba kila aliyefanya KCPE ajiunge na sekondari, kwa hivyo hakuna aliyeachwa bila nafasi kwa sababu ya alama. Wanafunzi walipangiwa shule kwa kompyuta kulingana na alama, shule walizochagua na mgao wa maeneo.

Mzazi asiyeweza bweni asione haya kuchagua shule ya kutwa. Masomo ya kutwa yanalipiwa na serikali, na mzazi anabaki na sare, chakula cha mchana na vitu vidogo vidogo. Kwa bweni, wizara ilipunguza karo ya mwaka wa masomo wa 2021 kwa sababu wiki za masomo zilipungua. Shule za kitaifa na zilizo katika kundi lake zilishuka kutoka shilingi 53,554 hadi 45,054, na kundi la pili kutoka 40,535 hadi 35,035. Shule iliyodai zaidi ya hapo ilipaswa kueleza kwa maandishi.

Wasichana ambao hawakurudi

Kati ya yote yaliyotokea tangu shule zifungwe, hili ndilo zito zaidi kwa Kilifi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na shirika la Population Council pamoja na kitengo cha sera katika Ofisi ya Rais ulifanywa Nairobi, Kisumu, Wajir na hapa Kilifi. Ulionyesha kuwa shule zilipofunguliwa Januari, takribani asilimia 16 ya wasichana na asilimia 8 ya wavulana hawakurudi. Miongoni mwa sababu kubwa zilizotajwa ni karo, na kwa wasichana mimba.

Msichana aliyepata mtoto ana haki ya kurudi shuleni. Sera hiyo ipo tangu 1994, na mwongozo wa wizara wa 2020 umeifafanua: shule haiwezi kumkataa kwa sababu amezaa, na akiona aibu kurudi shule ile ile, asaidiwe kupata nyingine. Chifu na wazee wa nyumba kumi wanawajua wasichana hawa kwa majina, na wazazi wanaombwa wawataje badala ya kuwaficha. Kwa aliyepita umri wa kukaa tena darasani na watoto, au asiyetaka, vyuo vya ufundi vya kaunti vinapokea wanafunzi wa ushonaji, upishi, umeme na useremala, na havihitaji cheti cha sekondari kwa kozi za mwanzo.

Kwa chekechea, watoto wa PP1 na PP2 walianza pia Julai 26, 2021 katika vituo vya umma. Mzazi alitakiwa kuja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya chanjo na barakoa. Asiye na cheti cha kuzaliwa asimwache mtoto nyumbani kwa sababu hiyo. Mtoto aandikishwe, na mzazi aanze kukitafuta kupitia kwa chifu msaidizi wa eneo lake wiki hiyo hiyo.